Lavoisier na Mizani Yake

Ni nani kati yetu ambaye hajaona kuni zikiungua jikoni? Jioni mzigo mzima huwekwa penye mafiga, na asubuhi hakuna kilichobaki ila majivu ambayo mtoto aweza kuyachota kwa viganja vyake viwili. Ukiuliza kuni zimekwenda wapi, utajibiwa upesi kwamba zimeteketea, zimekwisha. Kadhalika jembe lililosahauliwa nje wakati wa masika huliwa na kutu, nasi husema kwamba chuma kimekwisha. Hivyo ndivyo macho yatuambiavyo. Lakini je, macho husema kweli yote?

Swali hili, ambalo mtoto yeyote aweza kuliuliza, liliwasumbua wenye elimu kwa karne nyingi. Neno lenyewe kemia latokana na Kiarabu, al-kimiya, na mabingwa kama Al-Razi wa mji wa Rayy, aliyefariki karibu na mwaka 925, waliandika kwa makini juu ya matanuri, vyombo vya kutonesha mvuke na aina za madini. Kazi yao ilikuwa kubwa. Hata hivyo, siri ya moto ilibaki imefichika mpaka alipotokea Mfaransa mmoja ambaye silaha yake kubwa ilikuwa kitu kijulikanacho na kila muuza duka, nacho ni mizani. Katika makala hii tutaeleza maisha yake, mema yake pamoja na makosa yake, kwa kuwa katika yote mna mafunzo kwa kila mwenye kuitafuta kweli.

Utoto na masomo

Antoine-Laurent Lavoisier alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitano tu, akalelewa na nyanya yake na mama yake mdogo, ambaye alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Alisoma katika Chuo cha Mazarin, kisha akafuata nyayo za baba yake na kuhitimu katika sheria. Lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Wakati wenzake walipokuwa wakitafuta kesi za kutetea, yeye alikuwa akihudhuria mihadhara ya kemia na kusafiri mashambani pamoja na mtaalamu wa mawe, Guettard, ili kuchunguza ardhi ya Ufaransa.

Mwaka 1766 alipewa nishani ya dhahabu kwa maandishi yake juu ya njia bora ya kutia taa katika barabara za Paris. Mwaka 1768, akiwa bado hajatimiza miaka 25, alikubaliwa katika Akademia ya Sayansi, baraza kuu la wataalamu wa nchi yake.

Mwaka huo huo alifanya jambo jingine, ambalo siku ile lilionekana kuwa dogo. Alinunua fungu katika kampuni ya matajiri iliyoitwa Ferme générale. Kampuni hiyo ilimlipa mfalme fedha, nayo ikapewa haki ya kukusanya kodi za chumvi, tumbaku na bidhaa nyinginezo kutoka kwa wananchi. Faida ilikuwa kubwa, na kwa faida hiyo Lavoisier alijenga maabara bora na kununua vyombo ambavyo wengi hawakuweza hata kuvifikiria. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mwenzake katika kampuni hiyo. Binti huyo alikuwa bado hajatimiza miaka 14. Alijifunza Kiingereza ili amtafsirie mumewe vitabu vya wataalamu wa Uingereza, akajifunza kuchora ili avichore vyombo vya maabara, na mara nyingi ndiye aliyekaa mezani akiandika matokeo ya majaribio. Mtu akitaja kazi ya Lavoisier bila kumtaja mkewe, hajatimiza haki.

Je, maji hugeuka udongo?

Siku zile watu wengi waliamini kwamba maji yakichemshwa kwa muda mrefu hugeuka udongo. Walikuwa na ushahidi wa macho: maji yakichemshwa tena na tena katika chupa ya kioo, mwishowe huonekana unga mweupe chini. Lavoisier hakukanusha wala hakukubali. Alichukua chombo cha kioo kilichotengenezwa kwa namna ya kwamba mvuke ulipanda, ukapoa, ukarudi kuwa maji bila tone kutoka nje. Alikipima chombo kikiwa kitupu, akayapima maji, kisha akayachemsha kwa muda wa siku 101.

Siku zilipokwisha alipima tena. Uzito wa chombo na vilivyomo, vyote pamoja, haukubadilika. Alipokimimina na kukipima chombo peke yake, aliona kwamba kimepungua, na upungufu wake ulikaribiana na uzito wa ule udongo. Basi maji hayakugeuka kitu. Udongo ule ulitoka katika kioo chenyewe, kilichokuwa kikiliwa polepole na maji ya moto. Hivyo imani ya karne nyingi iliondolewa kwa subira ya siku 101 na kwa mizani iliyo sahihi.

Siri ya moto

Baada ya hayo aligeukia moto. Mganga Mjerumani, Georg Ernst Stahl, aliyefariki mwaka 1734, alikuwa amefundisha kwamba ndani ya kila kiunguacho mna kitu kiitwacho flojistoni, na kwamba kuungua ni kule kutoka kwa kitu hicho. Kuni zina flojistoni nyingi, ndiyo sababu hubakiza majivu machache. Na madini kama risasi au bati yakichomwa sana hupoteza flojistoni yake na kugeuka unga. Maelezo hayo yalikuwa mepesi, yaliafikiana na macho, na karibu wataalamu wote wa Ulaya waliyakubali.

Lakini palikuwa na dosari moja. Risasi au bati ikichomwa mpaka ikawa unga, unga ule huwa mzito kuliko madini ya kwanza. Itawezekanaje kitu kitoke, na kilichobaki kiongezeke uzito? Baadhi ya watetezi wa fundisho lile walisema kwamba flojistoni haina uzito, bali ina wepesi wa kuviinua vitu. Ndivyo ilivyo desturi ya fundisho lisilo na msingi: likionekana kosa moja, wafuasi wake hulitetea kwa kubuni jambo la pili lililo gumu kusadikika kuliko la kwanza.

Katika mwaka 1772 Lavoisier alichoma fosforasi na kiberiti, akaona kwamba navyo vikiungua huongezeka uzito na hufyonza hewa nyingi. Alifahamu ukubwa wa jambo hilo. Tarehe 1 Novemba 1772 aliliandika, akaitia karatasi muhuri, akaikabidhi kwa katibu wa Akademia ihifadhiwe.

Mwaka 1774 alifanya jaribio ambalo hata leo mwanafunzi hulifahamu mara moja. Alitia bati ndani ya chupa, akaufunga mdomo wa chupa kabisa, akaipima, kisha akaichoma. Sehemu ya bati iligeuka unga, lakini uzito wa chupa nzima haukubadilika. Basi hakuna kitu cha moto kilichopenya kioo na kuingia, kama alivyodhani Mwingereza Robert Boyle miaka mia moja kabla yake. Kisha akaifungua. Hewa ya nje ikaingia kwa kuvuma, na sasa ndipo uzito ulipoongezeka. Kumbe bati lilikuwa limekula hewa iliyokuwa ndani ya chupa, na hewa ya nje iliingia kujaza nafasi iliyoachwa! Yapasa kutaja kwamba Mrusi Mikhail Lomonosov alikwisha kupima madini katika vyombo vilivyofungwa kabla yake. Lakini habari za kazi yake hazikuenea.

Hewa ni zaidi ya kitu kimoja

Sasa swali lilibaki: je, ni hewa yote iliwayo, au ni sehemu yake? Mwezi wa Oktoba 1774 mgeni kutoka Uingereza, kasisi Joseph Priestley, alikula chakula pamoja na Lavoisier mjini Paris. Priestley alimweleza kwamba amepata hewa ya ajabu kwa kuuchoma unga mwekundu wa zebaki, na kwamba mshumaa huwaka ndani ya hewa hiyo kwa nguvu kuliko kawaida. Scheele wa Sweden naye alikuwa ameipata hewa hiyo hiyo kwa juhudi yake mwenyewe.

Lavoisier alichukua aunsi 4 za zebaki safi, akazichoma kwa siku 12 katika chombo kilichounganishwa na inchi za ujazo 50 za hewa. Chembe nyekundu zilitokea juu ya zebaki, na hewa ikapungua kadiri ya sehemu moja katika sita. Hewa iliyobaki ilizima mshumaa, na mnyama aliyetiwa ndani yake alikufa. Kisha alizikusanya zile chembe nyekundu, ambazo uzito wake ulikuwa greni 45 kwa kipimo cha Ufaransa cha siku zile, akazichoma kwa moto mkali zaidi. Alipata greni 41½ za zebaki, pamoja na hewa karibu kiasi kile kile kilichopotea mwanzoni. Greni 3½ zilizopungua ndizo uzito wa hewa hiyo. Na alipoichanganya hewa hiyo na ile iliyozima mshumaa, alipata tena hewa ya kawaida tunayoivuta.

Hesabu ilikuwa imetimia pande zote mbili. Hewa si kitu kimoja. Mna ndani yake sehemu iungamayo na vitu viunguavyo, ambayo aliiita oksijeni, na sehemu kubwa zaidi isiyosaidia moto wala uhai, ambayo leo twaiita naitrojeni. Kuungua si kutoka kwa flojistoni, bali ni kuungana na oksijeni.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba Priestley, aliyeiona hewa hiyo kabla ya Lavoisier, hakukubali kamwe maana yake. Alifariki Marekani mwaka 1804 akiwa bado anaitetea flojistoni. Naye Lavoisier hakutenda haki kamili, kwa kuwa katika maandishi yake ya mwaka 1775 hakumtaja Priestley kama alivyostahili. Mtu aliyekuwa mwaminifu kabisa mbele ya mizani ya maabara alipunja kidogo alipopima haki ya mwenzake.

Pumzi na maji

Pamoja na mwanahesabu Laplace, alimweka simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya panya, katika chombo kilichozungukwa na barafu, akapima kiasi cha barafu kilichoyeyuka kwa joto la mwili wake. Alilinganisha joto hilo na hewa aliyoitoa mnyama, akaona kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole. Chakula tulacho huungana mwilini na oksijeni, kama makaa yaunganavyo nayo katika jiko, na ndiyo sababu mwili wa mtu aliye hai huwa na joto.

Mwaka 1783, baada ya kupata habari za majaribio ya Henry Cavendish wa Uingereza, yeye na Laplace walichoma gesi ya hidrojeni katika oksijeni, wakapata maji matupu. Maji, ambayo tangu zama za Wayunani yalihesabiwa kuwa kitu cha asili kisichogawanyika, yalionekana kuwa muungano wa gesi mbili. Leo tunafahamu kwamba katika kila gramu 9 za maji mna takriban gramu 8 za oksijeni na gramu 1 ya hidrojeni. La kustaajabisha ni kwamba hidrojeni huungua, na oksijeni huchochea moto, bali zikiungana huwa kitu kile tunachokitumia kuzima moto. Hapa ndipo tunapoona tofauti baina ya kuchanganya na kuungana. Mchanga na chumvi vikichanganywa, kila kimoja hubaki na tabia yake. Lakini vitu viwili vikiungana kikemia, huzaliwa kitu cha tatu chenye tabia mpya, ingawa uzito ni ule ule.

Kanuni yake

Mwaka 1787 yeye na wenzake watatu, Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy, walitoa utaratibu mpya wa majina ya kemia, ili jina la kila kitu lionyeshe vilivyomo ndani yake. Mwaka 1789 alitoa kitabu chake kikubwa cha misingi ya kemia, chenye michoro ya mkewe. Humo aliorodhesha vitu 33 ambavyo havikuweza kugawanywa zaidi, yaani elementi. Humo pia, alipoeleza jinsi maji ya zabibu yanavyochachuka, aliandika kanuni yake kuu: katika kila badiliko, kiasi cha maada kilichokuwako kabla ni sawa na kiasi kilichoko baadaye. Vitu hubadilisha miungano yake. Havizuki kutoka patupu wala havitoweki.

Hakuwa mtu asiyekosea. Alidhani kwamba kila asidi lazima iwe na oksijeni, na hata jina oksijeni lina maana ya kizazi cha asidi. Jambo hilo si kweli. Katika orodha yake aliweka pia joto na mwanga kana kwamba ni vitu vya maada. Lakini aliwaachia waliomfuata njia ya kumsahihisha, nayo ni kupima.

Mwisho wake

Kitabu hicho kilitoka mwaka ule ule wa kuanza kwa Mapinduzi ya Ufaransa. Lavoisier alikuwa na mema mengi mbele ya nchi yake. Alikuwa ametengeneza utaratibu wa kupatikana baruti bora, na wakati wa njaa ya mwaka 1788 aliukopesha mji wa Blois fedha za kununulia nafaka bila kutoza riba. Alishiriki pia katika kazi ya kuweka vipimo vipya vya nchi. Mwaka 1793 yeye na Haüy walipima kwa uangalifu mkubwa uzito wa maji, ili uwe msingi wa kipimo ambacho leo twakiita kilo. Kila apimaye sukari au unga sokoni kwa kilo, anaitumia kazi yao.

Lakini wananchi hawakuisahau kodi. Kampuni ile ilikuwa imechukiwa kupita kiasi, hasa baada ya kujengwa ukuta kuuzunguka mji wa Paris ili bidhaa zisiingie bila kutozwa, ukuta ambao Lavoisier mwenyewe aliushauri. Aidha, alikuwa na adui katika Marat, mwandishi wa magazeti, ambaye zamani alileta maandishi juu ya moto mbele ya Akademia, na Lavoisier akayakataa.

Mwezi wa Novemba 1793 amri ilitolewa kuwakamata watu wa kampuni ile. Lavoisier alijisalimisha mwenyewe pamoja na baba mkwe wake. Miongoni mwa mashtaka ilikuwamo tuhuma ya kutia maji katika tumbaku ya wananchi. Tarehe 8 Mei 1794 walihukumiwa, na siku hiyo hiyo watu 28 waliuawa kwa gilotini. Baba mkwe alitangulia, na Lavoisier akafuata. Alikuwa na umri wa miaka 50. Maiti yake ilitupwa katika kaburi la watu wengi. Haikupita miezi mitatu, watawala waliokuwa wakiendesha mauaji hayo nao waliangushwa. Mwaka uliofuata mali zake zilirudishwa kwa mjane wake, ambaye baadaye aliyatoa maandishi yake ya mwisho ili kazi isipotee.

Tuwaze kidogo. Haifai kusema kwamba kampuni ile haikuwadhulumu maskini, kwa sababu chumvi ya maskini ilitozwa kodi nzito, na sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyonunua mizani zile nzuri. Wala haifai kusema kwamba mahakama ile ilitenda haki, maana iliwahukumu watu 28 kwa siku moja, bila kupima sehemu ya kila mmoja. Mwenyezi Mungu amewakataza wanadamu kupunja mizani, na mizani si ya dukani tu. Imo katika kodi, imo katika hukumu, na imo katika kutaja wema wa mwenzetu.

Sasa turudi kwenye kuni zetu. Hazikutoweka. Kaboni iliyokuwa ndani yake imeungana na oksijeni na kuwa gesi isiyoonekana, hidrojeni yake imekuwa mvuke wa maji, na kilichobaki ni majivu. Lau tungeweza kuukusanya moshi wote, gesi na mvuke, na kuvipima pamoja na majivu, tungeona kwamba uzito wake ni sawa na ule wa kuni pamoja na oksijeni iliyotumika. Jembe lenye kutu nalo ni chuma kilichoungana na oksijeni mbele ya maji. Ni kweli kwamba wataalamu wa karne ya 20 walionyesha kuwa katika mabadiliko ya kiini cha atomu sehemu ya maada hugeuka nguvu. Lakini katika moto wa jikoni hakuna mizani yoyote ya duka wala ya shule iwezayo kuona tofauti hiyo.

Wakosaji wa zamani hawakukosea kwa kutumia macho, bali kwa kuhesabu walichokiona tu na kukisahau kisichoonekana. Nawe msomaji, uletewapo fundisho lolote, liwe la zamani au jipya, usilikubali kwa sababu wengi wamelikubali, wala usilikatae kwa sababu limetoka kwa mgeni. Litie katika mizani, na kabla ya kuusoma uzito, hakikisha kwamba chupa imefungwa.